Uki wa Kulamba

Kabla sijaona ngamia hata mmoja Kyuso, nilisikia kengele zao. Ilikuwa asubuhi yangu ya kwanza ya kazi, nimelala katika chumba cha nyuma ya zahanati, na sauti ikaingia dirishani: ubao ukigonga ubao, nzito, isiyo na haraka. Nilidhani ni seremala aliyeamka mapema. Nilipofungua dirisha nikaona shingo tano ndefu zikipita juu ya ua wa michongoma, na nyuma yao mwanamke aliyejitanda shuka la njano, mtungi wa maziwa kila mkono.

Huyo alikuwa Mama Halima, wa jamii za wafugaji waliotoka kaskazini-mashariki na kufungua maduka pale sokoni. Alisimama akaniangalia kama mtu anayekagua mbuzi kabla ya kumnunua.

"Wewe ndio daktari wa chakula?"

"Mimi si daktari, mama. Ni afisa wa lishe."

"Haya, daktari wa chakula. Waambie wanaume wa hapa maziwa ya ngamia ni ya watoto pia. Wananunua yote, wanakunywa wakiwa wamesimama, halafu wanaenda nyumbani haraka."

Chuoni nilikuwa nimefundishwa utapiamlo, upungufu wa damu, na namna ya kumpima mtoto kwa utepe na mizani ya kuning'inia. Hakuna aliyenieleza kwa nini mwanamume akinywa maziwa aende nyumbani haraka. Mama Halima alinieleza, palepale dirishani, kabla sijanawa uso.

Nyinyi mnaobaki katika idara mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi. Vyeo na mishahara sitaandika. Viko kwenye faili. Nitaandika kuhusu jambo ambalo fomu zetu hazina mstari wake. Wengi wa watu wazima waliokaa kwenye kiti cha mbele yangu, Kitui na Makueni, walitaka kujua kitu kimoja tu, nao walikiuliza kwa kuzunguka: ni chakula gani kinachorudisha hamu ya kitandani. Na nitaandika zaidi kuhusu Mutua wa Kasikeu, ambaye kwa kosa langu la neno moja nusura apoteze mguu, na mke pia.

Nianze na mwalimu wangu. Sista Ndinda ndiye aliyekuwa muuguzi mkuu pale Kyuso, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini ambaye hakuwahi kukimbia na hakuwahi kuchelewa. Wiki yangu ya kwanza aliingia mkulima mmoja, akakaa, akaniambia mgongo wake umekwisha nguvu, akauliza ale nini. Nikamuuliza anafanya kazi gani. Akasema analima ndengu. Basi nikainuka, nikamwonyesha namna ya kuinua gunia bila kupinda kiuno. Nikarudia mara mbili. Alinisikiliza kwa heshima kubwa, akashukuru, akaenda zake.

Sista Ndinda alikuwa mlangoni ameona yote.

"Mutheu," akaniambia, "huyo mgongo wake uko upande wa mbele."

Sikuelewa mpaka alipokaa kitini akacheka kwa mabega tu, bila sauti. Ndipo nikajifunza kwamba katika nchi yetu mwanamume haumwi pale anapoumwa. Anaumwa mgongo. Au amepungukiwa damu. Mwanamke naye atasema mume wake hana hamu ya kula, na ukimwekea sahani utaona anakula vizuri sana.

Sista Ndinda alinipa pia kanuni ambayo kama ningeifuata siku zote, kisa cha Mutua kisingekuwepo. "Usimuulize mtu huwa anakula nini," alisema. "Hapo atakupa hotuba. Muulize jana. Jana alipoamka, aliweka nini mdomoni? Halafu nini? Twende hivyo mpaka alipolala." Aliisema akiwa anakunja bandeji, wala hakuinua macho.

Kyuso nilikaa miaka mingi kuliko nilivyotarajia. Nilijua nani anaamini maziwa ya ngamia, nani mafuta ya nundu, nani asali ya mizinga ya huko porini ambako nyuki hunywa maua ya mgunga. Kila jamii ilikuwa na uhakika kwamba chakula cha jirani ndicho chenye nguvu zaidi. Wakamba walinunua maziwa kwa Mama Halima, na wanawe Mama Halima walinunua asali kwa Wakamba, na wote walinijia na mgongo.

Kutoka huko nilihamishiwa Emali. Ukiwa na nia ya kujifunza imani za watu kuhusu chakula, kaa mahali ambapo malori yanalala. Pale barabarani walipita wauzaji wa njugu karanga na wa mukombero, ule mzizi mkali unaoletwa kutoka magharibi, ambao madereva hutafuna huku wakitazama mbele kana kwamba wanatafuna kwa ajili ya usingizi tu. Hoteli moja ilikuwa na kibao cha vyakula ukutani, na mstari wa mwisho uliandikwa kwa rangi nyekundu: Supu Maalum. Nilikwenda huko na mwenzangu wa afya ya umma kukagua usafi. Mwenye hoteli, Kioko, alikuwa amevaa aproni safi kuliko ya daktari.

"Hii supu maalum ni ya nini?" nikamuuliza.

"Ni ya ng'ombe, madam."

"Sehemu gani ya ng'ombe?"

Kioko akamtazama mwenzangu, akanitazama mimi, akatazama sufuria. "Ile inafanya awe ndume," akasema.

"Na inasaidia?"

"Wateja wanarudi. Mimi sijafuata mtu mpaka kwake kuangalia."

Nilipima joto la supu, nikakuta inachemka vizuri, nikamwandikia kwamba jiko ni safi. Makende ya fahali ni nyama kama nyama nyingine. Ni protini, yaliwe. Hili napenda mlishike. Vyakula vingi vya jambo hili havina kosa lolote. Karanga ni nzuri. Mayai ni mazuri, ingawa sijui ni nani aliyewaambia wayameze mabichi. Usimwondolee mtu chakula kizuri kwa sababu tu sababu yake ya kukila haimo kwenye kitabu chako. Nimewahi kumsikia mama mmoja akisifu supu ya mifupa kwamba imemrudisha mume wake. Nilipomuuliza ya jana, nikagundua kwamba mume, kwa sababu ya supu, siku hizi anafika nyumbani kabla ya jua kuzama, na wanakula pamoja, na wanaongea. Sikubishana na supu.

Lakini muwe macho na unga. Kule Emali aliletwa dereva mmoja ambaye moyo ulimpiga mpaka shati likawa linatikisika. Alikuwa ametumia unga wa mizizi aliouziwa kwenye karatasi, usio na jina. Tabibu wa zamu aliamini kwamba ndani yake kulikuwa na tembe za famasi zilizosagwa, na dereva mwenyewe alikuwa mgonjwa wa presha. Alipona. Tangu siku hiyo niliongeza swali ambalo nawaachia: kuna kitu chochote cha kukoroga, cha kutafuna au cha kulamba ambacho hukiiti chakula? Niliuliza hivyo kila siku, mpaka nilipohamia Kasikeu, nyumbani, nikadhani najua watu wetu vya kutosha kiasi cha kulifupisha.

Mutua alikuwa fundi wa mawe na shemasi wa kanisa, miaka yapata arobaini na mitano, mikono kama mkaa uliopoa. Aliniletea mgongo. Sikumwonyesha namna ya kuinua kitu. Nilimpeleka maabara akapimwe sukari, maana mgongo wa namna ile ukija kwa mtu wa umri ule, anayeamka kila usiku kwenda haja ndogo, ni vizuri kuanzia kwenye damu. Sukari ilikuwa ishirini na mbili, juu mno. Tabibu wetu kijana, Kyalo, akamweleza kwamba sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa midogo, na kwamba mgongo wake, hapo Kyalo akakohoa, nao una mishipa midogo. Akamwandikia tembe, akamtuma kwangu kwa ajili ya chakula.

"Mke wangu asijue," lilikuwa neno lake la kwanza alipokaa.

"Kwa nini?"

"Ndanu bado ni msichana, daktari. Akisikia ni ugonjwa atasema nimekwisha. Wacha nipone kwanza."

"Ni siri yako," nikamwambia. "Mimi siwezi kuitoa. Lakini ingekuwa rahisi ukimwambia."

Nje foleni ilikuwa imefika kwenye bomba la maji. Nilichukua fomu nikaanza kushuka nayo, mstari kwa mstari, kwa Kikamba ili atulie. Nikafika kwenye mstari wa pombe. Nikamuuliza kama anakunywa uki.

Mutua alijikaza kitini. "Daktari, mimi ni shemasi. Uki haujapita kwenye hii koo tangu niokoke."

Nikaomba radhi, nikaandika: hapana. Nikamwambia aache sukari. Akasema sawa. Sikumuuliza ya jana.

Kwa wale ambao si Wakamba, nieleze. Uki kwetu ni pombe. Asali ni uki wa nzuki, yaani wa nyuki, lakini nyumbani nani ana muda wa kusema yote? Watu husema uki tu. Anayesikiliza anajua ni upi kwa kitendo: uki wa kwanza unaunywa, wa pili unaulamba. Nimezaliwa na lugha hiyo. Huo uki wa pili nimeulamba mwenyewe kwenye kidole cha nyanya yangu.

Mwezi ukapita, sukari haikushuka. Kyalo akaongeza tembe. Mwezi wa pili, ilikuwa ileile. Halafu jiwe likamdondokea Mutua kwenye kidole cha mguu, na kidonda kikakataa kufunga. Kila alipokuja kubadilishiwa bandeji nilikuwa nauona mguu ule ukibadilika rangi, na Kyalo akibadilika sauti.

"Mzee, wewe unatudanganya. Hizi dawa humezi."

"Nameza, daktari."

"Basi unakula sukari."

"Chai nakunywa chungu. Uliza mtu yeyote."

"Mguu ukienda hivi tutakupeleka hospitali kuu ya Makueni, na huko hawatafunga bandeji. Watakata."

Mutua alinitazama mimi, siyo Kyalo. Alikuwa na uso wa mtu anayehukumiwa kwa lugha asiyoijua. Nami, niseme ukweli, nilimwamini Kyalo.

Jumanne moja akaingia mwanamke wa miaka thelathini hivi, kitambaa cha kijani kichwani, akakaa bila kuambiwa. Alijitambulisha: Ndanu, mke wa Mutua fundi.

"Mwaitu," akasema, yaani mama yangu, kwa heshima tu, maana hatukuwa na undugu, "nasikia watu wanakuja hapa kuuliza chakula cha kuongeza."

"Wako wanaokuja."

"Mimi nataka cha kupunguza."

Katika miaka yangu yote sikuwahi kuombwa hicho. Nikaweka kalamu chini.

"Kupunguza nini, Ndanu?"

"Mwanamume. Nipe kitu nimwekee kwenye uji, apungue mpaka arudi nyumbani. Mwaka mzima hanigusi. Analala akiangalia ukuta. Na si kwamba hana nguvu. Mtu hana nguvu na anakula uki namna hiyo?"

"Uki?" nikasema. "Mutua si ameokoka?"

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgeni. "Uki wa nzuki, mwaitu. Vijiko viwili akiamka. Kwenye uji. Kwenye chai, badala ya sukari, eti daktari alikataza sukari. Jioni tena, vitatu. Amemaliza debe la mjomba wake, sasa ananunua wa Kitui. Watoto wakigusa ni kelele. Sasa nieleze. Kila mtu anajua uki ni wa kazi gani. Mwanamume anakula wote huo, na kwangu haji. Anaupeleka wapi?"

Mbele yangu ilikuwa faili yenye jibu, na kwenye faili hiyohiyo, kwa mwandiko wangu, neno moja: hapana. Kumbe shemasi hakusema uongo hata mara moja. Asali kwake haikuwa sukari, ilikuwa dawa, na aliila kwa bidii zaidi kila Kyalo alipomgombeza, kwa sababu kila mwezi alizidi kuogopa. Alikuwa akijitibu kwa kitu kilekile kilichomharibia mishipa. Na mke wake alikuwa akihesabu vijiko kama ushahidi wa mwanamke mwingine.

"Begi nimeshafunga," Ndanu akasema. "Alhamisi naenda kwa dada yangu Emali. Na sirudi kuangalia ukuta."

"Njoo hapa Alhamisi kwanza. Uje na Mutua."

"Kuna nini unajua?"

"Njoo naye, Ndanu. Begi halina haraka."

Hakusema ndiyo. Alipotoka nikampigia Mutua simu. Nilisikia nyundo nyuma yake, kisha nyundo ikanyamaza.

"Mutua, unalamba uki?"

"Ndiyo, daktari. Si ni dawa?"

"Uliniambia hutumii uki."

Alifikiri kidogo. "Uliniuliza kama nakunywa."

Nikamwomba msamaha. Nilimwambia kosa ni langu, na kwamba asali mwilini ni sukari iliyopita kwa nyuki, aiache leo, na Alhamisi aje na Ndanu. Siku hiyohiyo nikamweleza Kyalo, na Kyalo, ambaye ana kiburi lakini si mtu mbaya, alikwenda mpaka kwenye jengo la pasta wa kanisa lao ambako Mutua alikuwa akifanya kazi, akamwomba radhi mbele ya vibarua wake bila kutaja ugonjwa. Habari ya mguu niimalize hapa: sukari ilianza kushuka wiki ile, na baada ya miezi kadhaa kidonda kikafunga. Mguu anao. Kilichokuwa kimebaki ni Ndanu.

"Alhamisi nitakuja naye," Mutua alikuwa amesema kwenye simu. "Lakini usimwambie."

"Siwezi kumwambia. Ni wewe."

Walikuja. Mutua alivaa koti la kanisani. Ndanu alikaa na begi mapajani, akalishika kwa mikono miwili, na gari la Emali lilikuwa linaondoka saa nne. Ofisi yangu ilikuwa ndogo. Magoti yetu yalikaribia kugusana chini ya meza. Ukutani kulikuwa na bango la vyakula vya rangi rangi, na Mutua alikuwa akilisoma kana kwamba lingemsaidia.

"Mutua," nikasema, "Ndanu ana swali kuhusu uki."

"Sina swali na uki," Ndanu akasema. "Nina swali unaenda wapi."

Nje mtu alikuwa akiburuta benchi.

"Ni mgongo," Mutua akasema.

"Mgongo gani? Jana si umeinua mawe ya pasta kutoka asubuhi?"

"Si huo."

"Kwani uko na migongo mingapi?"

Akainamisha kichwa. Niliona sikio lake likitetemeka, sikio tu. Mtu huyu angeweza kukaa juu ya ukuta wa ghorofa mbili bila kushika kitu.

"Daktari," akaniambia, "mwambie wewe. Nimekuruhusu."

Nikafungua faili. Niwaambie ukweli, nilifurahi. Nilikuwa na maneno tayari, safi, ya kitabuni: mishipa, sukari, matibabu, subira. Ningeyasema kwa dakika tatu na kila mtu angetoka bila kuona aibu. Nilikuwa nimeshavuta pumzi.

"La, mwaitu," Ndanu akasema taratibu. "Nisiambiwe na daktari. Daktari hakunioa."

Hakuniangalia aliposema hivyo. Alikuwa anamwangalia yeye, na kwa mara ya kwanza tangu waingie mkono mmoja ulikuwa umeliachia begi. Nikaelewa kwamba kama kuna kitu kilichokuwa kinamziba mdomo mwanamume yule kilikuwa ni mimi, na kalamu yangu, na bango langu la maembe na maharage. Mtu hawezi kusema jambo lile mbele ya mtu anayeandika. Nikafunga faili nikaiacha mezani. Nikainuka, nikajipenyeza kati ya magoti yao na ukuta.

"Ndanu," nikamsikia akisema mgongoni pangu, sauti imekauka kama saruji, "uki wote ule, nilikuwa nakula ndio nirudi kwako."

Mlango wa ofisi ile hauingii kwenye fremu mpaka uuinue kidogo kwa kitasa. Nikauinua, nikatoka, nikaufunga.